Sherehe ya Doa

Tarehe 3 Februari

Kaka,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Sijafa, sijafukuzwa kazi, na simu haijaibiwa. Nimekatazwa kukupigia kwa wiki kumi na mbili, na aliyenikataza ni mshauri wa kliniki ya afya ya akili ambako nimekuwa nikienda tangu Januari. Basi umeshajua. Vuta kiti ukae.

Unajua ninavyokusumbua. Miaka sita nimekupigia nikiwa njiani kwenda kazini: "Kaka, nilifunga mlango?" Nawe, uliye mbali safari ya siku nzima, uko darasani na chaki mkononi, unanijibu: "Umefunga." Mara nane kwa siku. Nilipomsimulia mshuari alijikaza asicheke, akashindwa, akaniuliza, "Kaka yako aliuona huo mlango kwa macho gani?" Nikacheka na mimi. Kisha nikalia, maana hata ukiniambia nimefunga, baada ya dakika kumi natafuta tena simu.

Ugonjwa wenyewe una jina refu, ila kwa kifupi ni hofu inayokulazimisha ukague. Ukague kufuli, ukague jiko, ukague herufi. Tiba ni nyingi. Wapo wanaopewa vidonge na daktari, wapo wanaokaa kikundi wakazungumza, wapo wanaohitaji vyote. Mimi nina kikundi kila Alhamisi, halafu nina ngazi. Tumeiandika pamoja na mshauri, vidato kumi, kuanzia ninachokiogopa kidogo hadi ninachokiogopa kuliko vyote. Napanda kimoja kimoja, naiacha hofu inipande, na sikagui. Kila nikikagua nailisha. Paka wa jirani ukimtupia samaki leo, kesho anakuja na wenzake.

Kidato cha tatu ndicho hiki: kumwandikia mtu ninayemheshimu barua ya wino, nisiisome tena, nisifute, niitumbukize posta. Sanduku la posta lina mdomo lakini halitapiki. Nimekuchagua wewe kwa sababu ni mwalimu mkuu msaidizi, na hakuna mtu ninayemwogopa kama wewe na kalamu yako nyekundu. Hapo juu nimeandika "mshuari". Naiona. Inanitazama. Siigusi ng'o.

Kidato cha kumi ni kadi ya harusi. Kisa unakijua, lakini nimeambiwa nikisimulie bila kujificha. Mimi ndiye msomaji wa prufu pale kiwanda cha uchapaji, ile karatasi ya kwanza inayosomwa kabla mtambo haujawashwa. Miaka miwili iliyopita nilipitisha kadi mia tatu zilizosema: "Mnakaribishwa kwenye sherehe ya doa ya binti yao mpendwa." Nilikuwa nimeisoma mara thelathini na moja, na N haikuwepo mara zote thelathini na moja. Mama wa bibi harusi alikuja na boksi zima akalimwaga mezani kwangu. Tangu siku hiyo tangazo la ukurasa mmoja linanichukua tangu asubuhi hadi chakula cha mchana. Bosi amenipa mpaka mwisho wa Aprili: nisome kama watu wengine, au nivue aproni.

Sitaki kuivua, kaka. Kazi hii naipenda.

Mdogo wako,
Jicho
(ndivyo wanavyoniita kiwandani, siku hizi kwa kejeli)


Tarehe 12 Februari

KUH: BARUA YAKO YA TAREHE 3 FEBRUARI

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipokea, nimeisahihisha, na ninakurudishia ndani ya bahasha hii. Makosa matano. Alama kumi na moja kwa ishirini. Unasema umefika kidato cha tatu. Kwa uandishi huu mimi ningekurudisha cha kwanza.

Sasa tuongee kama watu wazima. Mtu mwenye ndugu haendi kumfungulia mgeni kifua. Siri ya mtungi aijuaye kata, ndivyo tulivyolelewa. Huyo mshauri wako ni kata ya nyumba gani? Nimekujibu simu zako miaka sita. Nimekujibu nikiwa kwenye kikao cha wazazi. Nimekujibu nikiwa msibani, nimeinama nyuma ya watu kama mwizi. Sikukwambia hata siku moja kwamba nimechoka. Leo mtu aliyekufahamu wiki tatu anasema majibu yangu ndiyo yanayokuumiza. Imeniuma, sikufichi.

Jambo la pili. Binti yangu Bisi amepata mchumba. Wazee wa kijana wanakuja kwangu tarehe 22 Machi kupanga harusi. Ni watu makini, baba mtu ni mkaguzi wa shule, na mkaguzi haulizwi maswali, yeye ndiye anayeuliza. Akisikia shangazi wa binti anakwenda kliniki ya vichaa, atafikiri nini kuhusu damu yetu? Nimeshawaambia uko kwenye kozi ya uchapaji. Achana na mambo hayo, njoo nyumbani. Chumba cha nyuma ni chako, wifi yako atakutunza, na harusi ikipita tutaona.

Kaka yako,
Mwalimu

Tanbihi: Mlango uliufunga.


Tarehe 19 Februari

Kaka,

Kumi na moja kwa ishirini! Ahsante. Nimeibandika ukutani, duara nyekundu na yote, na kila nikiamka naisalimia. Mshauri anasema hajapata msaidizi kama wewe. Mimi niliamini makosa yangu yakionekana dunia itapasuka. Sasa yameonekana, yamepigwa mduara, yamepewa na alama, na chai bado inachemka.

Ile tanbihi ya mlango nimeikata kwa mkasi nikaitupa. Najua uliiandika kwa upendo. Usiiandike tena.

Chumba cha nyuma nakijua. Ndimo mnamoweka magunia, baiskeli iliyokufa, na vitu ambavyo wageni hawatakiwi kuviona. Siji kuwa kitu cha nne.

Na hilo neno "vichaa". Kikundini tuko sita. Yupo mama muuguzi anayenawa mpaka ngozi inachubuka. Yupo dereva wa lori ambaye akipita juu ya tuta anarudi kilomita kumi kutazama kama amegonga mtu. Hajagonga hata kuku, tunamwita Rivasi. Hao ndio vichaa wako. Mimi si kichaa, kaka, na hata ningekuwa, ningekuwa kichaa wa mstari wa mbele.

Alhamisi iliyopita ilikuwa zamu yangu kusimulia habari ya kadi. Nilidhani nitazimia. Nikaisema yote, mpaka lile boksi mezani, na hakuna aliyenicheka vibaya. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimelewa, na wala sikuona aibu. Nililia, nikacheka, nikaropoka mambo ya utotoni ambayo sikujua kama bado ninayo. Mwisho Rivasi akanishika mkono akanisindikiza mpaka kituoni.

Mpe Bisi hongera zangu. Na hao wazee waambie shangazi yupo kliniki. Sipo kwenye kozi yoyote.

Mdogo wako,
Jicho


Tarehe 27 Februari

KUH: ULEVI

Nimeisoma barua yako mara tatu nikidhani macho yananidanganya.

Umelewa! Wewe! Na dereva wa lori! Katika ukoo wetu mzima hakuna aliyeonja hata tone, na wewe unaniandikia kwa majivuno kwamba hukuona aibu! Kwa hiyo hiyo ndiyo tiba? Mnakaa kwa duara, mnamiminiana, mnalia, mnacheka, mnaropoka siri za nyumbani kwetu, halafu mnasindikizana mikono mmeshikana? Nilijua. Tangu mwanzo nilijua.

Makosa mengine sita nimeyazungushia wino. Neno hilo sikulizungushia kwa sababu limeandikwa sawasawa.

Wifi yako ameisoma, ameketi, na tangu asubuhi hajainuka. Nimemwandikia huyo mshauri wako barua atakayoikumbuka. Shule zikifungwa nakuja mwenyewe kukuchukua, na sitaki ubishi.

Mwalimu


Tarehe 5 Machi

Mwalimu,

Barua yako imenifikia. Siruhusiwi kusema kama ninamfahamu mtu unayemtaja, wala kama anakunywa au hanywi. Ya mteja hubaki kwa mteja, hata ndugu yake akikasirika.

La jumla ninaloweza kukueleza ni kwamba kliniki hii hutoa chai, tena ya rangi, kwa kuwa maziwa huisha mapema.

Nimeona bahasha yako imefunguliwa na kugundishwa upya mara kadhaa kabla ya kutumwa. Si lazima uniambie kwa nini. Ukitaka kuniambia, niko chumba namba nne.

Mshauri


Tarehe 8 Machi

KUH: ULEVI WANGU

Kaka,

Sina mbavu. Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Niliandika nimeelewa. Ni-me-e-le-wa! Ndivyo nilivyokusudia, mkono ulikuwa unakimbia, E moja ikadondoka njiani. E moja imenifanya mlevi, imemtia Rivasi kesini, imemkalisha wifi chini. Na N moja ilifanya ndoa ya watu kuwa doa. Lugha yetu hii haimsamehe mtu mwenye haraka.

Mwambie wifi ainuke.

Lakini nimekasirika pia, tuelewane. Miaka arobaini na moja unanijua. Karatasi ikasema mimi mlevi, ukaiamini, kwa sababu tahajia ilikuwa sahihi! Hukujiuliza hata mara moja, "Huyu mdogo wangu, ambaye hata soda anaogopa, kalewa wapi?" Uliamini herufi kuliko mimi. Sikulaumu sana, maana ndivyo nilivyoishi mwenyewe: naamini herufi, naamini kufuli, najiamini mimi mwisho kabisa.

Barua yako ilipofika jambo la kwanza nililotaka ni simu. Nikupigie, nikueleze, nikueleze tena, mpaka useme "nimekuamini" mara ishirini. Nikakalia mikono yangu. Kweli, nimeikalia, kitako juu ya viganja, kama mtoto aliyeadhibiwa. Jasho likanitoka, moyo ukapiga ngoma, nikasema liwalo na liwe. Baada ya nusu saa na kitu ikaanza kushuka, yenyewe, bila mtu kunihakikishia chochote. Hilo ndilo nililolielewa Alhamisi ile: hofu ikiachwa bila kulishwa, inachoka.

Unataka kuja kunichukua shule zikifungwa. Karibu. Utanikuta kazini. Utaondoka na baiskeli nyingine ya kuweka chumba cha nyuma, mimi hutaondoka nami.

Mdogo wako asiyelewa ila anayeelewa,
Jicho


Tarehe 12 Machi

Shikamoo shangazi,

Ni mimi Bisi. Naandika haraka, nina jokofu la watu limefunguliwa hapa karakana na mwenyewe anapiga simu kila saa.

Kwanza, ile E imetuponya. Mama alicheka hadi akamwaga maharage aliyokuwa akichambua. Baba aliisoma akaenda uani, tukamsikia anacheka peke yake huko, aliporudi kakunja uso kama hakuna kilichotokea.

Pili, kadi zangu zitachapwa kwenu, na utazisoma wewe. Sitaki mtu mwingine. Baba anataka apeleke kwingine, nimemwambia basi harusi aende yeye. Mchumba wangu anajua habari zako zote tangu mwezi wa pili, nilimwambia mwenyewe, akauliza tu kama unapenda kucheza muziki. Na ikitoka "doa", shangazi, nitaolewa kwenye doa. Nitavaa gauni lenye madoa. Usiniogopee.

Tatu, hili nimelinyamazia miaka mingi. Unajua wanafunzi wanamwitaje baba? Kufuli. Nilisoma pale miaka minne nikijifanya sisikii. Akifika getini anarudi kutikisa kufuli la ofisi. Akifika barabarani anarudi tena. Mitihani anasahihisha mara tatu, matokeo yetu yalikuwa yanatoka mwisho kuliko shule zote, na wenzangu wananilaumu mimi. Mama akiwa na safari humwambia saa ya uongo, saa nzima kabla, ili wafike kwa wakati. Hakuna anayemwambia. Mimi akinisikia ataninyonga. Wewe mwambie, umeshakuwa mlevi, huna cha kupoteza.

Bintiyo,
Bisi


Tarehe 16 Machi

Kaka,

Barua hii haina utani, kwa hiyo isome umekaa.

Unakumbuka tulivyochelewa shule kila siku? Watoto wenzetu walikuwa na visingizio vya mvua na maradhi. Sisi tulichelewa kwa sababu ya mlango. Baba alikuwa akitusimamisha tuutikise, wewe komeo la juu, mimi la chini, mara saba, na mmoja akikohoa katikati tunaanza upya. Tulichapwa kwa kuchelewa, tukarudi nyumbani, kesho yake tukautikisa tena. Tuliambiwa hiyo ni nidhamu. Mpaka nimefika kliniki sikuwahi kufikiri kwamba baba alikuwa anaogopa.

Mimi nilitoka pale na simu mara nane kwa siku. Wewe ulitoka na nini? Barua yangu uliisoma mara tatu, umeandika mwenyewe. Bahasha ya mshauri uliifungua na kuigundisha, hilo hakuniambia yeye, gundi ya bahasha zako naiona kila mara, imekauka matabaka. Na wanafunzi wako, kaka, wanakuita Kufuli. Kila mwaka wanaoingia wanafundishwa jina hilo na wanaotoka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Umenificha mimi ili wakwe wasione, na kinachofichwa kimevaa suti kinapokea wageni.

Sikuumbui. Nimekujibu kama ulivyonijibu mimi miaka sita, kwa kuwa nakupenda, ila mimi nimeamua kukupa jibu la kweli. Kasirika unavyotaka. Niandikie matusi, nitayabandika ukutani kando ya zile alama.

Kadi za Bisi nazisoma mimi. Harusini nakuja, nitaketi mstari wa mbele na nguo nyekundu, rangi ile ile ya kalamu yako. Akija mkwe wako kuniuliza kozi ilikuwaje, nitamwambia nilikuwa natibiwa, na nitamwambia huku nikitafuna keki.

Jicho


Tarehe 4 Aprili

Kaka,

Wiki tatu hujaniandikia. Tarehe 22 imepita, wageni wamekuja wameondoka, Bisi naye kaniandikia mstari mmoja tu: "Harusi tarehe 17 Mei, mengine muulize Kufuli." Simwulizi.

Nikupe habari zangu, mbaya kwanza. Juzi nilirudi kukagua mlango. Mara nne. Nilifika kazini nimechelewa, nimelowa jasho, nikajiona bure kabisa. Mshauri hakunigombeza. Alisema ngazi haivunjiki kwa kuteleza kidato kimoja, akanirudisha cha pili kwa wiki nzima kama mwanafunzi mzembe. Ungefurahi.

Nzuri ni kwamba nimesoma prufu ya tangazo la maji kukatika kwa dakika kumi na mbili. Wapiga chapa walinipigia makofi. Rivasi naye amepita matuta yote ya barabara kuu bila kurudi, akatupigia makofi yeye mwenyewe.

Kuna kitu nataka sana kukuuliza. Nimeanza kukiandika mara tatu kichwani. Nataka kuuliza kama umenichukia. Lakini nimetambua hilo ni swali la mlango, na ukinijibu nitakuuliza tena kesho. Kwa hiyo sikuulizi. Nakaa nalo. Linauma, acha liume.

Mdogo wako,
Jicho


Tarehe 22 Aprili

Kaka,

Leo asubuhi prufu ya kadi ya Bisi imefika mezani kwangu.

Unajua nilivyokuwa nikisoma zamani? Rula chini ya kila mstari. Naanza mwisho narudi mwanzo, herufi moja moja, kwa sauti, kisha juu chini, kisha naigeuza naitazama kwa nyuma kwenye mwanga. Leo nimeweka rula kwenye droo. Bosi kasimama nyuma yangu akitazama saa ya ukutani. Vijana wa mtambo wamejifanya wanafuta mashine, wote wananitazama mimi.

Nikaisoma. Jina lako likanipa shida, lina herufi nyingi kama wewe mwenyewe. Nikafika kwenye "ndoa". Niliiona N, kaka. Nikaiona vizuri. Kisha shetani akaniambia, "Hebu hakikisha kama umeiona." Hapo ndipo penyewe. Miaka miwili nimeishi kwenye hiyo sentensi. Kalamu ikaniteleza mara moja nikaiokota. Nikamjibu kwa sauti, watu wote wanasikia: "Nimeshaiona, toka hapa!" Bosi akadhani namfukuza yeye, akarudi hatua moja.

Nikaendelea mpaka mwisho. Mara moja tu. Nikaandika CHAPA, nikasaini, nikampa. Mtambo ukawashwa. Bosi akasema dakika nne, halafu akasema mwezi ujao kuna vitabu vya shule, nijiandae. Basi, ndivyo alivyonirudishia kazi yangu. Nikaenda chooni nikalia hadi kwikwi.

Kadi mia mbili zimetoka. Sijaitazama hata moja. Zilipita mbele yangu kwenye mkokoteni nikageuza uso kama mtu aliyekutana na mchumba wa zamani. Yako nimeifunga kwenye bahasha hii nimefumba macho. Huenda kuna kosa, huenda imeandikwa doa. Sijui, na sitajua mpaka siku ya harusi, na nitacheza muziki hivyo hivyo.

Usiniambie, kaka. Hata likiwepo. Hata lisipokuwepo. Zaidi lisipokuwepo.

Jicho


Tarehe 30 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii haina KUH kwa sababu sijui inahusu nini.

Ile barua yako ya Machi niliiweka mfukoni mwa koti wiki tano. Niliapa sitakuandikia tena maishani. Nilikwenda shule nikasimama nyuma ya darasa la kidato cha pili wakati hawajaniona, nikasikia kwa masikio yangu: "Kufuli anakuja." Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama mtu anavyosema mvua inakuja.

Tarehe 22 wageni walikuja. Nilisema uko kwenye kozi, ndiyo, nilisema, usinitazame hivyo. Tukiwa kwenye mazungumzo niliinuka kwenda kutazama geti. Nikarudi, nikakaa, nikainuka. Mara ya tano mkwe aliniuliza, "Mwalimu, kuna wezi mtaa huu?" Watu wakacheka. Bisi hakucheka. Alinitazama kama mama alivyokuwa akimtazama baba, sijui kama unaikumbuka hiyo sura. Mimi niliikumbuka pale pale, na chai ikanishinda.

Niliukumbuka na ule mlango. Mimi nilikuwa komeo la juu. Nilikuwa na umri wa kujua, nawe hukuwa nao. Siku moja ulilia ukasema mkono unauma, nikakwambia tikisa. Nisamehe.

Juzi ikafika kadi. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaisoma mara moja. Nikaanza ya pili, na nikajisikia nikiisema ile sentensi yako, ya kuhakikisha kama nimeiona. Nikaiweka kalamu. Kaa ukijua kwamba ilichukua muda na wifi yako alidhani naumwa tumbo. Kisha nikavaa viatu, nikaenda kwa mkwe wangu kwa miguu ili nisipate nafasi ya kugeuza wazo, nikamwambia: shangazi wa binti hayuko kwenye kozi, anatibiwa hofu kliniki, na ndiye aliyesoma kadi hii, na mimi nilidanganya kwa kuwa nina hofu hiyo hiyo na sijatibiwa. Nilisema yote nimesimama. Mkaguzi mzima akavua miwani, akaifuta. Kisha akauliza, "Kwa hiyo yeye tumpangie meza ipi?" Nikamwambia mstari wa mbele. Akaandika.

Muulize mshauri wako kama anapokea watu wa miaka arobaini na saba, wabishi, wanaoishi mbali. Mwambie chai ya rangi hainisumbui.

Kuhusu kadi, sisemi. Najua unavyotaka kuuliza, nakuona ulivyokalia mikono. Ungepiga simu sasa hivi nisingekujibu. Miaka sita nilidhani nakupenda kwa kujibu, na hili la kutojibu ni gumu mara mia.

Barua hii siisomi tena. Posta iko mbele yangu, bahasha nimeilamba mara moja tu, na nimetoka nyumbani bila kurudi getini.

Nimelewa, mdogo wangu.

Kaka yako,
Kufuli